Mchezo Unaommeza Mchezaji: Uigizaji na Nafsi katika Riwaya za Thomas Tryon

Utangulizi

Jina la Thomas Tryon hutajwa kwa nadra katika uhakiki wa fasihi ya Marekani, na linapotajwa huandamana na kisa kimoja ambacho kimekaririwa hata kikawa kama ngano: palikuwa na mwigizaji wa sinema mwenye sura ya kupendeza na kipawa cha wastani, akadhalilishwa na Hollywood, akaitupa kazi yake, akashika kalamu na kutajirika. Kisa hiki kina ukweli ndani yake. Hata hivyo, kimekuwa kikwazo kwa uhakiki, kwa sababu kinamgawa Tryon mafungu mawili yasiyohusiana: mwigizaji aliyeshindwa na mwandishi aliyefaulu. Mhakiki anayekiamini huzisoma riwaya zake kama kazi za mtu aliyeanza upya, na huishia kuziweka katika rafu ya riwaya pendwa za vitisho bila ya kuzihoji zaidi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hauna msingi. Hoja yake kuu ni kuwa Tryon hakuuacha uigizaji alipoanza kuandika. Aliuhamishia katika riwaya, akaufanya dhamira na pia mbinu. Swali linalozunguka katika kazi zake bora ni lile ambalo kila mwigizaji hulikabili, akijua au asijue: mtu anapojitia katika nafsi ya mwingine, ni nani anayerudi mchezo unapokwisha? Swali hili litachunguzwa hasa katika The Other (1971), yaani "Yule Mwingine", na kwa ufupi katika Harvest Home (1973) na Crowned Heads (1976), pamoja na filamu zilizotokana na kazi hizo.

Tryon si mwigizaji pekee aliyegeuka kuwa mwanariwaya. Dirk Bogarde wa Uingereza alianza na tawasifu mwaka 1977, kisha akachapisha riwaya yake ya kwanza, A Gentle Occupation, mwaka 1980. Kinachomtofautisha Tryon ni kuwa aliingia moja kwa moja katika ubunifu, na yale aliyoyajua kuhusu kazi ya uigizaji akayafumba ndani ya kisa cha mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kukanyaga jukwaa.

Mtu Mmoja, Majina Mawili

Tryon alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Alihudumu katika jeshi la wanamaji la Marekani huko Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasoma katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha akaingia katika uigizaji wa jukwaani na hatimaye wa sinema na televisheni. Kati ya mwaka 1958 na 1961 alijulikana kwa watazamaji wa televisheni kama Texas John Slaughter, mhusika mkuu wa mfululizo wa kampuni ya Disney. Mwaka 1962 alionekana katika The Longest Day, na mwaka uliofuata akapewa nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, ile ya kasisi Stephen Fermoyle katika The Cardinal, filamu iliyoongozwa na Otto Preminger.

Nafasi hiyo ilimletea uteuzi wa kuwania tuzo ya Golden Globe. Ilimletea pia mateso. Tryon alisimulia baadaye jinsi Preminger alivyokuwa akimkaripia mbele ya wenzake, na jinsi alivyomfukuza kazi siku ambayo wazazi wake walikuja kumtazama, kisha akamrudisha. Juu ya hayo yote alifanya kazi tena na mwongozaji huyo katika In Harm's Way (1965). Mwishoni mwa miaka ya sitini alianza kuandika, na The Other ilipochapishwa na Alfred A. Knopf mwaka 1971, ilikaa kwa miezi kadhaa katika orodha ya vitabu vilivyouzwa kwa wingi nchini Marekani. Aliendelea kuandika mpaka kifo chake mjini Los Angeles mwaka 1991.

Mambo mawili katika maisha haya yanastahili kuzingatiwa na mhakiki. La kwanza ni jina. Katika filamu aliitwa Tom Tryon. Katika majalada ya vitabu aliitwa Thomas Tryon. Tofauti hiyo ni ndogo, na huenda ilikusudiwa tu kumpa mwandishi haiba ya uzito. Lakini ina maana kwamba mtu huyu aliwajia watu wa nchi yake mara mbili, kwa majina mawili yaliyo kama kurwa na doto, na kwamba yule wa pili alipozaliwa, wa kwanza alitakiwa kufa.

La pili ni filamu ya mwaka 1958 iitwayo I Married a Monster from Outer Space. Katika filamu hiyo, iliyotengenezwa kwa gharama ndogo na iliyo na jina la kuchekesha, Tryon aliigiza bwana harusi ambaye mwili wake umechukuliwa sura na kiumbe kutoka sayari nyingine. Mke anaishi na mtu mwenye uso wa mumewe, sauti ya mumewe na mwendo wa mumewe, na polepole anatambua kuwa aliye ndani siye. Kwa hiyo, miaka 13 kabla ya kuchapisha riwaya yake ya kwanza, Tryon alikuwa amekwisha kulibeba swali lake kuu katika mwili wake mwenyewe: aliigiza umbo ambalo ndani yake mna mwingine.

Mchezo wa Ada

The Other imewekwa katika kijiji cha kubuni cha Pequot Landing, kando ya mto katika jimbo la Connecticut, wakati wa kiangazi cha mwaka 1935. Wahusika wakuu ni mapacha wa ukoo wa Perry, Niles na Holland. Niles ni mpole na mwenye kupendwa. Holland ni mkaidi, msiri na mkatili. Baba yao amekufa katika ajali ghalani. Katika kiangazi hicho misiba inaandamana: binamu yao anaanguka juu ya uma wa kukusanyia majani makavu, jirani mzee anakufa kwa hofu, mama yao anaanguka ngazini na kupooza, na mwishowe mtoto mchanga anatoweka. Kila mara Niles anamshuku Holland, na kila mara anamficha.

Kiini cha riwaya hakiko katika misiba hii. Kiko katika uhusiano wa Niles na nyanya yake Ada, mama wa Kirusi aliyehamia Marekani. Ada amemfundisha mjukuu wake mchezo. Kanuni zake ni rahisi: mtoto hutazama kitu, ua au ndege, akakikazia macho na fikira mpaka akaacha kuwa anayetazama na akawa kinachotazamwa. Akiwa ndege, huliona shamba kutoka juu. Mchezo huu haukusudiwi kuwa uchawi. Ada anautoa kama zawadi ya upendo na kama njia ya kuufahamu ulimwengu, na kweli unampa Niles ujuzi: katika tamasha la mazingaombwe, mtoto anajitia katika nafsi ya mfanya mazingaombwe na kuing'amua siri ya hila yake.

Msomaji anayejua historia ya uigizaji hawezi kuupita mchezo huu bila ya kusita. Mwalimu ni Mrusi; mafunzo ni ya kukazia fikira, kuwazia, na kuingia ndani ya kitu kingine kwa njia ya "kama kwamba". Hayo ndiyo mafunzo ambayo Konstantin Stanislavski aliyaendeleza huko Moscow tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, na ambayo wafuasi wake waliyaeneza Marekani hata yakawa msingi wa malezi ya waigizaji wa kizazi cha Tryon. Riwaya haimtaji Stanislavski mahali popote, wala haihitaji kumtaja. Ada ni chuo cha uigizaji kilichovaa gauni la nyanya.

Kisha inakuja siri ambayo riwaya imeifumba. Holland amekwisha kufa. Alifia kisimani mwezi Machi, siku ya kuzaliwa kwao, na Holland anayezungumza, kucheka na kutenda katika kiangazi kile ni Niles anayecheza mchezo wa Ada. Pete ya ukoo ambayo Niles anaificha katika kopo la tumbaku aliipata kwa kukata kidole cha maiti ya ndugu yake. Uchungu zaidi ni kwamba Ada alijua. Alipomwona mtoto amevunjika moyo kwa msiba, alimwacha aendelee kujifanya kuwa pacha wake yu hai, akidhani kwamba faraja hiyo ingempoza mpaka wakati wake. Faraja ikaota mizizi.

Katika utamaduni wa pwani ya Afrika Mashariki mna istilahi zinazoieleza hali hii kwa usahihi kuliko nadharia nyingi za saikolojia. Mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo hukikalia kiti hicho na kusema kwa kinywa chake. Lakini ngoma ya pepo haiishii katika kupandisha. Mganga anayestahili jina hilo hujua kumwita pepo, kumsikiliza madai yake, na kumteremsha ili aliye kiti arudi kuwa mtu. Kwa kipimo hiki, kosa la Ada linaonekana wazi. Alijua kumpandisha mjukuu wake, hakujua kumteremsha. Alikuwa na nusu ya ujuzi, na nusu iliyokosekana ndiyo iliyohesabiwa kwa maiti.

Katika tamthilia ya Kiswahili suala hili si geni. Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein inamhusu mtu aliyepandwa na pepo Hongo, ambaye neno alilolitoa linamzidi nguvu na kumfanya mateka wake. Tofauti ni kwamba kwa Kinjeketile neno linachukuliwa na umma na kugeuka kuwa vita, wakati kwa Niles mchezo unabaki ndani ya nyumba moja na ndani ya fuvu moja. Hata hivyo, waandishi wote wawili wanakutana katika jambo moja: ubunifu ukishatoka mikononi mwa mbunifu, haumuulizi ruhusa.

Denis Diderot, katika hoja yake maarufu kuhusu kitendawili cha mwigizaji, alishikilia kuwa mwigizaji bora ni yule asiyehisi anachokiigiza. Machozi ni ya mtazamaji, na akili baridi ni ya mchezaji. The Other inaweza kusomwa kama jibu la mtu aliyekuwa ndani ya kazi hiyo. Niles ni mwigizaji kamili kwa mujibu wa shule iliyompinga Diderot: anahisi kila kitu, haachi mwanya kati yake na nafsi anayoiingia. Na kwa sababu hakuna mwanya, hakuna mahali pa kusimama na kusema "basi, yatosha". Msiba wa riwaya hii ni msiba wa kipawa kilichokamilika mno.

Lugha Inayoficha, Kamera Inayoonyesha

Ufundi wa usimulizi wa The Other unategemea sifa moja ya lugha. Lugha husema bila ya kuonyesha. Sentensi inayosema kwamba Holland alikaa juu ya dari la ghala na kutabasamu inamweka Holland mbele ya msomaji kwa uzito ule ule inaomweka Niles. Msimulizi hasemi uongo. Anasimulia kwa kufuata upeo wa Niles, na katika upeo huo Holland yupo. Msomaji anayerudia riwaya kwa mara ya pili ndiye anayegundua kuwa jamaa wengine wa nyumba hawamjibu Holland, na kwamba mazungumzo ya mapacha hukatika kila mtu wa tatu anapotokea. Taharuki ya usomaji wa kwanza inageuka kuwa huzuni katika usomaji wa pili, na hii ni dalili ya kazi iliyo na kina kuliko msuko wake.

Aidha, kisa kizima kimewekwa ndani ya fremu. Mtu aliyefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akitazama doa katika dari la chumba chake, ndiye anayesimulia. Nani hasa anayesema ni swali linalomfuata msomaji mpaka kurasa za mwisho. Kwa fremu hiyo Tryon anaufikisha mchezo kwenye hatima yake: hata nafsi ya kwanza, ile "mimi" ambayo kwa kawaida ni ngome ya msimulizi, imekuwa vazi ambalo yeyote anaweza kulivaa.

Filamu ya The Other ilitolewa mwaka 1972, ikiongozwa na Robert Mulligan, na Tryon mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wake. Hapa kamera ilikabiliana na tatizo ambalo kalamu haikuwa nalo, kwa kuwa kamera haiwezi kutaja mwili bila ya kuuonyesha. Mulligan aliwatumia mapacha halisi, Chris na Martin Udvarnoky, lakini hakuwaweka pamoja katika picha moja. Kamera humwacha mmoja na kugeukia kwa mwingine. Mtazamaji makini anaweza kuihisi hila hiyo kabla ya kufichuliwa. Hata fremu ya hospitali iliachwa, na filamu inamaliza na mtoto akitazama kupitia dirishani. Ni mwisho mzuri wa picha, lakini umepoteza swali la msemaji ni nani. Tryon alisema baadaye kuwa hakuridhika na filamu hiyo, akilaumu uhariri na uteuzi wa waigizaji.

Malalamiko hayo ya mwandishi hayana budi kupimwa, si kupokelewa tu. Nafasi ya Ada ilipewa Uta Hagen, aliyekuwa mashuhuri jukwaani kuliko katika sinema, na ambaye kwa miaka mingi alifundisha uigizaji katika HB Studio mjini New York. Mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya filamu hiyo, alichapisha Respect for Acting, kitabu ambacho wanafunzi wa uigizaji wamekisoma kwa vizazi. Hivyo basi, mwanamke anayemfundisha Niles mchezo katika filamu alikuwa mmoja wa walimu wakubwa wa mchezo huo katika maisha. Awe aliyemchagua alilijua hilo au hakulijua, uteuzi huo uliitoa hadharani maana ambayo riwaya ilikuwa imeificha. Katika jambo hili moja, filamu iliisoma riwaya vizuri kuliko mwandishi alivyokuwa tayari kukiri.

Kuona na Kupofushwa

Harvest Home, riwaya ya pili, inaliendeleza suala hili kutoka upande wa mtazamaji. Ned Constantine, msimulizi wa nafsi ya kwanza, ameacha kazi ya matangazo ya biashara mjini New York ili awe mchoraji. Anahamia na mkewe Beth na binti yao Kate katika kijiji cha Cornwall Coombe, ambako maisha yanafuata mila za kilimo cha mahindi chini ya uongozi wa mjane Fortune, mzee wa kike anayependwa na kuogopwa. Kila baada ya miaka saba kijana huteuliwa kuwa Bwana wa Mavuno. Ned anavutiwa, anachunguza, na hatimaye anaiona ibada ambayo haikuruhusiwa kuonwa na mwanamume. Adhabu yake ni kupofushwa, kama ilivyokuwa kwa jirani yake Robert Dodd kabla yake.

Hali kadhalika, hapa pana uigizaji, ila sasa ni wa jamii nzima. Wanakijiji wana nafasi zao za mwaka hadi mwaka, na anayepewa nafasi haichezi kwa muda kisha akavua mavazi. Anaicheza hadi kufa. Ned anajiona yuko salama kwa sababu yeye ni mtazamaji tu, mtu wa kuchora. Riwaya inamkatalia usalama huo. Inasema kuwa kutazama nako ni tendo, na kwamba mtazamaji ana nafasi yake katika mchezo hata kama hajaambiwa. Kwa mtu aliyeishi miaka mingi akitazamwa na kamera, hukumu hii juu ya jicho la mtazamaji haikosi kinaya.

Pamoja na hayo, udhaifu wa riwaya hii usifichwe. Nguvu ya wanawake wa Cornwall Coombe imechorwa kwa hofu ya kiume ambayo mwandishi haihoji vya kutosha. Kwa kuwa Ned ndiye anayesimulia, inaweza kudaiwa kuwa hofu hiyo ni yake wala si ya Tryon; lakini riwaya haimpi mwanamke yeyote wa kijiji nafasi ya kueleza mila hiyo kutoka ndani, na msomaji anaachwa na kitisho badala ya ufahamu. Ada wa The Other alikuwa na mapenzi, majuto na maamuzi magumu. Mjane Fortune, aliyeigizwa na Bette Davis katika mfululizo wa televisheni wa mwaka 1978, ana haiba nyingi na moyo uliofungwa.

Binti katika Uso wa Mama

Katika Crowned Heads, mkusanyiko wa novela nne zinazohusu nyota wa sinema, Tryon anarudi Hollywood waziwazi. Novela ya kwanza, "Fedora", ndiyo inayofunga mduara wa hoja hii. Fedora ni mwigizaji mashuhuri ambaye uzuri wake unaonekana kutoguswa na miaka. Siri ni kwamba aliyekuwa akionekana kwa miaka ya mwisho hakuwa yeye, bali binti yake, aliyechukua uso, jina na umaarufu wa mama ili ngano isife.

Ulinganisho na The Other ni dhahiri. Niles alimweka hai ndugu aliyekufa kwa kumpa mwili wake. Binti anamweka hai mama ambaye uzuri wake umekufa, kwa njia ile ile. Katika visa vyote viwili mkubwa wa familia anajua na anaruhusu. Lakini kuna tofauti inayoonyesha ukuaji wa fikira za mwandishi. Ada aliruhusu kwa huruma. Fedora anaruhusu, na hata kulazimisha, kwa sababu umaarufu ni mali na mali lazima ilindwe. Kile kilichokuwa msiba wa nyumba moja kimekuwa utaratibu wa biashara. Billy Wilder alipoitengeneza Fedora kuwa filamu mwaka 1978, akimtumia William Holden, Marthe Keller na Hildegard Knef, aliuona ukatili huo na kuufanya uwe mashtaka dhidi ya ulimwengu wa sinema uliomlea yeye mwenyewe.

Novela nyingine katika mkusanyiko huo, "Bobbitt", inamhusu mtu mzima aliyekuwa nyota utotoni na ambaye mhusika aliyemwigiza amemganda maishani. Kwa hiyo si ajali kwamba wahusika wa Tryon wanaoangamia mara nyingi ni vijana au watoto waliopewa nafasi na wakubwa wao. Anayewapa nafasi huwa anawapenda, au anadai kuwapenda. Huu ndio uchungu unaojirudia katika kazi zake, na unazidi kwa mbali kisa cha mwigizaji aliyemchukia mwongozaji wake.

Hitimisho

Si kazi zote za Tryon zinazofikia kiwango hiki. Hata The Other ina vifo vingi kuliko vinavyohitajika na maudhui yake, na baadhi ya vifo hivyo vimewekwa kwa ajili ya soko. Lakini riwaya iliyochapishwa upya na New York Review Books mwaka 2012, miaka 41 baada ya kutoka, imethibitisha kuwa ina wasomaji wasioitafuta kwa sababu ya kitisho peke yake.

Umuhimu wake kwa wanafunzi wa fasihi uko mahali nyeti. Katika idara za fasihi hufundishwa, na kwa haki, kwamba kazi ya ubunifu humwezesha mtu kujitia mahali pa mwenzake, na kwamba uwezo huo hukuza utu. Tryon haukanushi uwezo huo. Anauonyesha ukifanya kazi kwa ukamilifu ndani ya mtoto mwenye huruma. Anachokiongeza ni sharti. Kuingia katika nafsi ya mwingine ni nusu ya sanaa. Nusu ya pili ni kurejea, na kurejea nako hufundishwa. Mwalimu anayefundisha nusu ya kwanza pekee, hata akiwa na mapenzi ya nyanya, anamwacha mwanafunzi wake kisimani.

Uhakiki ulioridhika na kisa cha mwigizaji aliyeshindwa haungeweza kulisikia onyo hili, kwa sababu ulikuwa umekwisha kuamua kuwa uigizaji wa Tryon na uandishi wake ni vitu viwili. Onyo lenyewe limetolewa na mtu aliyekuwa amekaliwa na nafsi za wengine kwa mshahara, akazijua zinavyoingia, na akatumia maisha yake yote ya uandishi kuuliza zinavyotoka.